Maneno Yaliyozidi Kwenye Baba Yetu

"Bwana asifiwe!"

Sauti ya mchungaji yule Mkenya ilikuwa nene kuliko kipaza sauti chenyewe. Ilijaa ukumbi wote pale Beltsville, huku Marekani, ikatikisa hata foili zilizofunika masinia ya pilau. Tulikuwa tumealikwa kwenye shukrani ya mtoto. Mama wa mtoto ni nesi, wodi moja na mjukuu wangu Diana, na Wakenya wakimshukuru Mungu hawanong'oni. Watu wakaitika "Amina!" kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, kitenge chini, koti la baridi juu, na mdomo wangu ukaitika wenyewe bila kuniuliza, tena kwa nguvu: "Milele amina!"

Kama hukukulia katika mambo haya, nikueleze. Mkatoliki wa kwetu akikusalimu husema "Tumsifu Yesu Kristo," nawe unajibu "Milele amina." Mprotestanti husema "Bwana asifiwe," nawe unajibu "Amina," basi, yamekwisha. Mimi niliijibu salamu ya nyumba hii kwa jibu la nyumba ile. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake mwilini, akaniita bibi kwa Kikuyu chao, "Wee cucu, hiyo umetoa kwa Papa!" Mchungaji naye alicheka mpaka akajishika tumbo, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Mama yetu wa Katoliki, karibu sana. Usiogope. Hapa hatufukuzi mtu."

Hapa hatufukuzi mtu. Alisema kwa utani, maskini, wala hana kosa. Lakini niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu mkobani. Diana akaniinamia, "Bibi, you okay?" Nikamwambia niko sawa, ni pilipili ya pilau tu. Pilau ilikuwa bado haijafunuliwa.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Wanaonijua hapa Silver Spring watakwambia kwamba bibi Skolastika ana ulimi mkali, na kwamba watoto wa ghorofa nzima wakinisikia nakohoa kwenye korido huacha kupiga mpira. Sina shule ya kujivunia. Darasani nilikaa miaka miwili tu, halafu nikaambiwa kwa mtoto wa kike inatosha. Lakini kusoma nilikujua kabla sijaona darasa, na aliyenifundisha nilimlipa ubaya. Hilo, ukiacha watu wawili niliowaambia, nimelibeba kimya mpaka leo. Sasa nina umri ambao mtu akinyamaza zaidi atanyamaza moja kwa moja, kwa hiyo nasema.

Kwetu ni nchi ya migomba, magharibi kabisa ya Tanganyika ya wakati ule. Tulikuwa na mfalme. Wazungu kwenye karatasi zao walimwandika chifu, lakini sisi tulimwita mfalme, na ukimpita unapiga magoti hata kama ni kwenye tope. Jina lake silitaji. Wajukuu zake wapo, na mjukuu hajibu ya babu yake. Alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa ukubwani, na hao, kama mjuavyo, hushika dini kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe mtoni. Alikuwa na msalaba mkubwa kifuani, kofia ngumu ya kizungu kichwani, na gari moja jeusi ambalo wakati wa masika lilisukumwa na watu zaidi ya lilivyokwenda lenyewe. Na alikuwa na neno lake alilolirudia barazani: "Nchi moja, mfalme mmoja, dini moja."

Waprotestanti walikuwepo, wachache. Misheni yao ilikuwa ng'ambo ya mto, nchi ya mfalme mwingine. Upande wetu hawakuruhusiwa kujenga kanisa wala kukusanyika. Mzungu wa Boma, mkuu wa wilaya, alisema kila mtu asali apendavyo, lakini Boma lilikuwa mbali, safari ya siku mbili, na mfalme alikuwa karibu. Isitoshe hakumfukuza mtu kwa dini, hapana, alikuwa mjanja. Ardhi yote ilikuwa yake, na kila aliyelima alilima kwa ridhaa yake. Ukisikika unaimba nyimbo zile, ilitosha mfalme kukumbuka kwamba anaihitaji ardhi yake. Kilima cha pili nyumba mbili zilikuwa zimeshavunjwa namna hiyo. Niliyaona magofu yake kwa macho yangu, nyasi zikiota jikoni. Nalisema hili mapema ili usije baadaye ukanitetea kwamba nilikuwa mtoto na sikujua.

Baba yangu alikuwa jumbe, mtu wa mfalme kijijini petu. Nyumba iliyopakana na yetu, ua wa migomba tu katikati, ilikuwa ya Mama Naomi. Mumewe alikuwa mwalimu wa dini wa Waprotestanti, akafa kwa homa akiwa kijana, akazikwa pale pale nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Mama Naomi alibaki na binti mmoja, Naomi, rika langu. Jina tu lilitosha kuwatambulisha. Sisi tulikuwa akina Skolastika, Leonsia, Gaudensia. Wao walikuwa akina Naomi, Rusi, Samweli. Lakini kila asubuhi Mama Naomi alipita uani kwetu na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Tumsifu Yesu Kristo!" Nasi tukajibu, "Milele amina!" Niliona ni kawaida. Sikujua kwamba ni baba aliyempangia hivyo. Sikujua mengi kuhusu baba.

Kazi ya Mama Naomi ilikuwa muhogo. Aliuloweka, akauanika, akautwanga, akauchekecha, na unga wake ulikuwa mweupe na laini kiasi kwamba ukiugusa hujui umegusa nini. Nyumba yake nzima ilinuka ule uchachu wa muhogo uliovundikwa. Wengine hukunja pua, mimi hata leo nikifungua mfuko wa unga wa muhogo kwenye duka la Waafrika hapa Silver Spring nasimama kidogo. Na huo unga ndio uliokuwa ubao wetu. Alitandaza unga kwenye ungo, akausawazisha kwa kiganja, akaandika kwa kidole. B. A. BA. Naomi na mimi tulikaa kila mmoja upande wake, magoti yamegusana, tukifuatisha kwa vidole vyetu. Akisikia hatua za mtu nje, Mama Naomi alinyanyua ungo, akapepeta mara mbili, na herufi zote zikarudi kuwa unga. Mgeni aliyeingia alikuta mwanamke anapepeta na watoto wawili wana pua nyeupe. Nani atamshitaki mtu kwa kupepeta?

Alitufundisha kwa Baba Yetu, kwa sababu ndiyo maneno tuliyokuwa nayo kichwani tayari. Neno moja siku moja, mbili. Ya kwetu na ya kwao ilitofautiana hapa na pale, sisi tukisema "ufike" wao wakisema "uje," na Mama Naomi hakunisahihisha. Alisema, "Sema ya kwenu, mwanangu, herufi hazina dini." Lakini mwisho wa sala ya kwetu ulikuwa "utuopoe maovuni, amina." Yao ilikuwa na mkia: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Amina." Naomi alipofika kwenye mkia ule mimi nilitakiwa ninyamaze. Sasa mtoto gani anaweza kukaa kimya mwenzake akisoma maneno mengi kuliko yeye? Nikaomba nami nifundishwe. Mama Naomi aliniangalia sana. Kisha akasawazisha unga.

"Haya. Lakini hayo yabaki kwenye ungo. Yasitoke mlangoni. Umesikia, Skola?"

"Nimesikia, mama."

"Na ukiulizwa kusoma umejifunza wapi?"

"Kwa kuangalia wengine."

"Haya."

Siku ile niliyosoma mkia wote mwenyewe, nilisoma kwa madaha, kidevu juu. "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukutu..."

Naomi alianguka chali. Alicheka akagaagaa mpaka akapiga ungo teke na unga ukatumwagikia. Hata Mama Naomi, mwanamke mwenye haya zake, alijifunika uso kwa kanga na mabega yakamtikisika. Utukutu wa Mungu! Kuanzia siku ile Naomi hakuniita Skola tena. Kisimani, mbele ya wasichana wote, "Utukutu, nitwike mtungi!" Njiani, "Utukutu, umechelewa!" Wenzetu waliliokota jina bila kujua limetoka wapi, maana lilinifaa. Mimi nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa naungua. Nilikuwa binti wa jumbe. Sikuzoea kuchekwa na mtu ambaye baba yake hakuwa na hata kaburi la kanisani.

Ndipo ikafika sikukuu ya Kristo Mfalme, na mfalme wetu akatangaza kwamba mwaka ule angeiadhimisha kijijini petu. Baba hakulala vizuri wiki nzima. Barabara ilifagiliwa mpaka ikawa kama ua wa nyumba. Mama alinishonea gauni jeupe. Gari likafika likiwa linasukumwa, mfalme ndani yake amekaa wima kama sanamu, na watu wakapiga magoti pande zote mbili. Baada ya Misa alikaa kwenye kiti chini ya kibanda cha majani ya migomba, katekista upande wa kulia, baba yangu upande wa kushoto, nami nikatumwa nimpelekee maua.

Alikuwa na sauti laini. Hilo sikulitarajia. Nilidhani mfalme hunguruma. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akauliza kama najua kusali, nikasema ndiyo. Akauliza, labda kwa mzaha tu, kama najua kusoma.

"Najua."

Baba alikohoa. Mfalme akacheka, akachukua kitabu cha sala kutoka kwa katekista, akakifungua, akanipa. "Soma basi, tusikie."

Ilikuwa ukurasa wa Baba Yetu. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeshika kitabu, na ajabu yake ni kwamba herufi zilikuwa zimetulia. Hazikuwa za kupepetwa. Nilisoma. Nilisoma kila neno kama lilivyoandikwa, na umati ulikuwa umenyoosha shingo, mtoto wa kike anamsomea mfalme. Nilipofika "utuopoe maovuni" watu wote wakasema "Amina," na hapo ukurasa ukaisha.

Mimi sikuisha. Niliinua macho, na pale mbele, kati ya watu, nilimwona Naomi amesimama na mama yake. Alikuwa ananitazama huku ameuma mdomo wa chini, vile alivyokuwa akiuuma akizuia kicheko. Nikajua anasema moyoni, Utukutu huyo. Nikajua nina neno moja la kumfunga mdomo. Nikafunga kitabu, nikasema kwa sauti ya wazi, neno kwa neno:

"Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na u-tu-ku-fu, hata milele. Amina."

Kwanza watu walipiga makofi. Wazee wa kijiji, ambao dini zote mbili waliziona kama mvua za majirani, walidhani namsifu mfalme. Ufalme ni wako! Mtoto wa jumbe ana adabu! Mmoja akapiga na vigelegele. Hata mfalme mwenyewe alitabasamu kidogo, na mimi nikatabasamu. Kisha katekista akainama akamnong'oneza sikioni, na tabasamu lile likabaki usoni pake bila mwenyewe.

"Maneno hayo ya mwisho," alisema, bado kwa sauti ile laini, "yako wapi kitabuni?"

Nilifungua kitabu nikatafuta. Hayakuwepo. Nilijua hayapo.

"Nani amekufundisha kusoma, mwanangu?"

Wote niliowahi kuwasimulia habari hii, padri mmoja kitubioni na marehemu mume wangu, walinipa nafuu ile ile: mtoto uliropoka. Hapana. Nililijua jibu nililofundishwa, lilikuwa limekaa ulimini tayari. Kwa kuangalia wengine. Maneno matatu. Baba alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tena kwa mtu yeyote. Na Naomi alikuwa ameacha kuuma mdomo. Nilitaka mfalme ajue nimefundishwa na mtu hodari. Na nilitaka pia Naomi akome. Yote mawili nilikuwa nayo kwa wakati mmoja, siwezi hata leo kuyatenga.

"Mama Naomi," nikasema. Nikaonyesha kwa kidole. Kidole kile kile cha kuandikia.

Mfalme akasema, "Amekufundisha vizuri sana." Akanivalisha medali ya Bikira Maria yenye uzi wa buluu. Kisha akamgeukia baba yangu, akasema taratibu kama mtu anayeulizia hali ya mvua, "Jumbe, ile ardhi yangu naihitaji."

Ilichukua siku tatu. Walikuja vijana wa mfalme, lakini amri ilisema jumbe mwenyewe ndiye avute nyasi za kwanza za paa. Nilimwona baba akipanda. Alivuta shada moja, akalishusha kwa mikono miwili kana kwamba ni kitu cha kuvunjika, akateremka, akasimama pembeni. Vijana wakamalizia. Mtungi wa unga ulipasuka na ua wote ukawa mweupe, na kuku wa majirani wakaja kudonoa. Mama Naomi alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mumewe, akakaa huko muda mfupi. Aliporudi alijitwika mkeka na vyombo, ungo ukiwa juu kabisa, Naomi akabeba chungu, wakashika njia ya mtoni.

Ilikuwa saa sita mchana. Njia ilipita mbele ya ua wetu, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama kando, kama kwenye mazishi ambayo hakuna anayejua marehemu ni nani. Na Mama Naomi alianza kusalimia. Miaka yote alitusalimu kwa salamu yetu. Siku ile hakuwa na cha kuficha tena, akasalimu kwa ya kwake. "Bwana asifiwe," akamwambia mama Leonsia. Akageuza uso. "Bwana asifiwe," akamwambia mzee aliyepiga vigelegele. Mzee akatazama fimbo yake. Hakuinua sauti wala hakulaumu. Alimsalimu kila mtu kwa zamu, kama mtu anayeaga kwake vizuri, na hakuna aliyemjibu, maana vijana wa mfalme walikuwa nyuma yake wakisikiliza.

Akanifikia mimi. Akasimama. Mzigo kichwani ulimfanya asiweze kuinama, kwa hiyo alinitazama kwa macho tu, kutoka juu.

"Bwana asifiwe, Skola."

Jibu nililijua. "Amina." Ni neno moja, na ni neno letu pia; tunalisema mara ngapi kwa siku, tena hata kwa Kilatini halibadiliki sana. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama chini. Nikadhani ananikataza. Nikaishika medali yangu, nikafunga mdomo.

Mama Naomi alingoja kidogo, zaidi ya alivyowangoja wengine. Kisha akaendelea. Naomi akapita na chungu chake, hata hakunitazama. Nilingoja aniite Utukutu. Hata kwa hasira, hata kwa kunitemea mate. Alipita. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeniita hivyo tena, na sijapata tena habari zao za hakika. Nilipokuwa mtu mzima niliulizia ng'ambo ya mto. Wengine walisema waliendelea mbele zaidi, wengine walisema mama alikufa njiani. Sijui. Sitadanganya nikajipa mwisho.

Ufalme wenyewe haukufika mbali. Uhuru ulikuja, na mara falme zote zikafutwa kwa karatasi moja, lile gari jeusi likabaki uwanjani kuku wakitagia ndani yake. Na lipo jambo lililoniumiza kuliko hilo. Miaka ilipita, padri akaanza kusoma Misa kwa Kiswahili akiwa ametugeukia sisi, na Jumapili moja, baada ya Baba Yetu, akatufundisha cha kuongeza. Kanisa lote, Wakatoliki watupu, wakasema kwa pamoja: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele." Nilikuwa na mtoto mgongoni. Niligeuka nikatazama mlangoni, nikitegemea kuona mtu anafukuzwa. Hakuna aliyefukuzwa. Walisema, wakaendelea na kupeana amani. Mpaka leo, kwenye Misa yetu ya Kiswahili hapa Maryland, tukifika pale nalitamka neno "utukufu" polepole nisije nikakosea, na kila mara nasubiri kucheka kwa mtu fulani nyuma yangu.

Baba alikufa mzee. Siku moja akiwa kitandani, bila mimi kumwuliza, akasema, "Ile siku nilikuwa nangoja wewe umjibu."

Nikamwuliza siku gani, ingawa nilijua.

"Wewe ulikuwa mtoto. Mfalme asingekugusa, alikuwa amekuvalisha medali mbele ya watu. Ungesema 'Amina' wewe, sisi wakubwa tungepata pa kuanzia. Nilitazama chini nisikuonyeshe uso wangu, ukadhani nakukataza."

Nilimkasirikia, nikiwa nimeshika bakuli lake la uji. Mtu mzima, jumbe mzima, anangoja mtoto wa miaka tisa afungue mdomo kwanza! Sikumwambia. Nilimnywesha uji wake. Lakini nilipofika umri wake nikaelewa alichokuwa ananiambia, na hakikuwa lawama. Alikuwa anatubu kwangu, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kutubu kwake. Yeye alikuwa amewaficha watu wale miaka sita kwa salamu tu, kila asubuhi, akihatarisha cheo chake cha ujumbe na nyumba yake. Alijua nasoma kule. Alijua na ungo. Aliacha tuendelee. Kisha binti yake akataka kumkomoa mwenzake kwa neno moja, na yeye akatumwa kupanda paa. Na kijiji kizima, mimi na yeye ndani yake, tukamwacha mwanamke atembee kutoka kwake hadi mtoni bila kujibiwa salamu. Kwetu hata mwizi hujibiwa salamu.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani kwenye ukumbi wa Beltsville, watu wakicheka, mimi nikitafuta kitu mkobani.

Jumatatu yake Diana alikuwa kazini, nami nilibaki na kitukuu changu Neema. Ana miaka sita. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza, na kukisoma hajui. Nikachukua sinia la oveni, nikamwaga unga wa muhogo, nikausawazisha kwa kiganja. Akauliza kama tunapika keki. Nikamwambia kaa, toa kidole. Tukakaa magoti yamegusana, kule jikoni, hita ikivuma, na tukaandika. Alikuwa na kidole kizito, herufi zake zilipanda mlima. Neno la kwanza nililompa lilikuwa fupi.

Tukiwa bado hatujamaliza, mlango uligongwa kwa kishindo. Ni yule kijana anayeleta vifurushi, hagongi, anapiga. Na mikono yangu, ndugu zangu, ikalikamata lile sinia na kulinyanyua. Miaka yote hii, na mikono haijafundishika.

"Bibi, no!" Neema akapiga kelele, kisha Kiswahili kikamtoka. "Utafuta!"

Nikalishusha. Nilikwenda nikafungua mlango nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko, nikapokea kifurushi, nikauacha mlango wazi makusudi, korido yote ione ndani kama inataka kuona. Sinia likabaki mezani mchana kutwa. AMINA, imepinda, N yake imegeuka nyuma mbele.

Diana aliporudi alisimama jikoni akauliza nani amemwaga unga na mbona haujafutwa.

"Haukumwagika," nikamwambia. "Kuna mtu alinisalimu. Nimemjibu."